Watumwa Watukufu wa Mwimoni

Tangu alipokuwa msichana, Elinaike alikuwa akisikia habari za nchi ya Mwimoni, ambako watu huenda kuwa watumwa kwa hiari yao wenyewe. Hawakamatwi wala hawauzwi. Huko anaishi Mwenye Nyumba, ambaye zamani aliwatoa watu wengi mikononi mwa mtawala katili, akawafungua minyororo, akawaambia, "Sasa mko huru, nendeni mnakotaka." Wengi wakaenda. Wachache wakageuka njiani, wakarudi na kusimama mlangoni pake, wakasema hawana kwingine wanakotaka kwenda. Wanampenda, na wanataka kukaa naye na kufanya kazi yake maisha yao yote. Ndipo akawasimamisha mmoja mmoja kwenye mwimo wa mlango wake na kuwatoboa sikio kwa sindano nene ya kushonea viatu, na damu yao ikabaki kwenye ule mti. Kisha wakaingia ndani kuwahudumia wagonjwa na waliochoka, ambao hufika kwenye nyumba ile kutoka kila upande wa dunia.

Habari hiyo ilimkaa Elinaike moyoni. Aliolewa, akamzika mume, akaongoza umoja wa akina mama kanisani kwao mpaka mvi zikaanza kumtoka, na bado kila akiimba wimbo wa kujitoa alikuwa anauona ule mwimo. Siku alipotangaza kwamba anakwenda, wenzake walimwimbia na kumlilia. Wifi yake Nakunda, dada wa marehemu mumewe, hakuimba. Alikuwa jikoni akifunga unga, chumvi na sufuria ndogo.

"Na wewe unakwenda wapi?" Elinaike alimuuliza.

"Nakusindikiza."

"Huko si kwa kusindikizana, wifi. Mtu anakwenda kujitoa."

"Basi wewe jitoe. Mimi nitapika."

Nakunda hakuwa mtu wa kusali kwa sauti. Kanisani alikaa nyuma, na mahubiri yakirefuka alisinzia bila aibu. Lakini tangu kaka yake afariki alikuwa amehamia kwa Elinaike, na Elinaike alikuwa amezoea kuamka akakuta moto umeshawashwa, kama vile moto hujiwasha. Njia ya kwenda Mwimoni ni ndefu na haina la kusimulia, ila kwamba mzigo wote aliubeba Nakunda.

Walipofika, jambo la kwanza waliloliona ni Nyumba yenyewe, kubwa, ya mawe ya kawaida, imesimama katikati ya mji, na mlango wake uko wazi. La pili ni kwamba hakuna aliyeutazama. Mji wote wa Mwimoni ulikuwa umejengwa kuuzunguka mlango ule, na maduka, kumbi na nyumba zake zote ziliupa mgongo. Watu walipita barabarani wamejifunga kiunoni kitambaa cheupe, kama mtu anayejiandaa kuosha miguu ya wageni, ila vitambaa vyenyewe vilikuwa vimepigwa pasi mpaka vimekakamaa, vimetariziwa pembeni, na vingine vilikuwa virefu hata vikahitaji mtu wa kuvishika kwa nyuma. Kila sikio lilikuwa na tundu, na kila tundu lilikuwa na dhahabu.

Walipokutana walisalimiana kwa kuinama.

"Mimi si kitu," alisema mmoja.

"Mimi si kitu hata kwako," alijibu wa pili.

Na aliyeinama chini zaidi ndiye aliyehesabiwa kuwa mkubwa, kwa hiyo salamu ya wakubwa wawili ilichukua muda mrefu, na wapita njia walilazimika kuzunguka.

Walipokewa na mzee mnene, mpole, aliyeitwa Barzilai, mwenye cheo cha Mtumwa Mwandamizi. Alikuja amebebwa kwenye kiti na wanaume wanne. Alimsikiliza Elinaike kwa makini, na Elinaike alipofika kwenye habari ya mwimo na ile sindano, macho ya mzee yalilengalenga machozi.

"Miaka mingi sijasikia mtu akilisema jambo hili kwa moto namna hiyo," alisema. "Mama, umefika nyumbani."

"Na hawa waliokubeba," Nakunda aliuliza, "nao ni watumwa?"

Barzilai alishtuka kidogo. "Hapana, hawa ni Wazima. Masikio yao ni mazima, hujaona? Wanafanya shughuli tu."

Baadaye aliwaeleza sheria za nchi, na Elinaike alizishika zote. Kazi inayofanywa na mtu asiye na tundu huitwa shughuli: kufagia, kupika, kubeba viti vya wakubwa. Kazi ya kumwinua aliyeanguka, kumwosha, kumnywesha maji, hiyo ni huduma. Ni kazi takatifu, na asiye na tundu haruhusiwi kuigusa. Mwenye tundu ndiye mwenye haki ya kuhudumu. Lakini kitambaa chake nacho ni kitakatifu, na sheria inakataza kisilowe wala kisichafuke. Namna ya kuhudumu bila kulowesha kitambaa lilikuwa suala lililokuwa likijadiliwa Barazani tangu enzi za babu zao.

Alimpeleka Elinaike Barazani akajionee. Siku hiyo walikuwa wakijadili kama mtumwa aliyekaa kitini anaweza kusemwa kuwa yuko kazini. Chama cha Sikio la Kulia kilishikilia kwamba anaweza, mradi moyoni ana nia ya kusimama. Chama cha Sikio la Kushoto kilisema hapana, nia peke yake haitoshi, ni lazima pia awe amekaa ukingoni mwa kiti. Mabishano yalikuwa makali, watu wakanukuu wazee wao, na mwishowe ikaamuliwa kwamba viti vyote vya Baraza vipunguzwe upana kidogo. Wote walipiga makofi. Elinaike naye alipiga makofi, maana hotuba zilikuwa nzuri na zilitaja unyenyekevu mara nyingi.

Wakati wa kurudi walipita nyuma ya mji, penye ukuta. Chini ya ukuta ule watu wengi walikuwa wamelala na kuketi, wenye vidonda, wenye homa, vikongwe, wanawake waliobeba watoto waliodhoofika. Walikuwa wameufikia mji lakini hawakuwa na nguvu ya kuufikia mlango.

"Hawa ni kina nani?" Nakunda aliuliza.

"Wangojaji," alisema Barzilai kwa sauti ya chini, na akavua kofia yake. "Hawa ndio sababu ya sisi kuwapo."

"Sasa mbona hamwaingizi ndani?"

"Suala hilo liko mbele ya Baraza, mama."

"Maji je?"

"Ipo Kamati ya Maji."

Nakunda alimtazama wifi yake, akangoja aseme kitu. Elinaike aliona uchungu kweli kweli, lakini alijiambia kwamba yeye ni mgeni, kwamba mambo ya watu yana taratibu zake, na kwamba atakapotobolewa sikio atakuwa na mahali pa kusimama na kuyasema. Hilo ndilo alilomwambia Nakunda njiani.

Siku ya kutobolewa ilikuja. Elinaike alikuwa amejiandaa kwa maumivu. Alikuwa amefunga na kuomba, akitamani kuegemea mti ule wenye damu ya wale watumwa wa kwanza. Lakini hawakumpeleka mlangoni. Walimkalisha ukumbini kwenye mto laini, sonara akampaka dawa ya kutia ganzi, na kabla hajajua kwamba wameanza wakamwambia tayari. Kwaya ikaimba. Wanawake wa mji wakamkumbatia na kumwita Mtumwa Elinaike. Alipojigusa sikio na kuikuta dhahabu, alilia, na wote walidhani ni furaha. Hata yeye mwenyewe aliamua kwamba ni furaha.

Walimpa nyumba na kiti Barazani. Alijifunza kuinama. Sauti yake ilikuwa nzuri, na alipozungumza juu ya kujitoa watu walinyamaza, na punde si punde akawa anaalikwa kila mahali. Nakunda alibaki nyumbani akipiga pasi kile kitambaa. Kisha siku moja Elinaike alirudi akakuta jiko limezimika na ndoo haipo.

Aliporudi Nakunda, kanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Ulikuwa wapi?"

"Ukutani. Kuna mzee mmoja anaitwa Ombeni, miguu yake imevimba mpaka ngozi inapasuka. Nimemwosha."

"Wifi!" Elinaike alifunga mlango haraka. "Hiyo ni huduma. Wewe ni Mzima. Hujui kwamba ni kosa?"

"Nilijua ni miguu."

"Nisikilize. Wananiingiza kwenye Kamati ya Maji. Nikishakaa vizuri pale, nitalisema jambo hili kwa njia yake, na watu wengi watasaidiwa, si mzee mmoja. Subiri kidogo tu."

"Nitasubiri," alisema Nakunda. "Lakini Mzee Ombeni ana kiu leo." Na kesho yake alikwenda tena, na kesho kutwa, akabeba na sufuria ya uji.

Walimkamata saa ya mchana, mikono yake ikiwa ndani ya maji. Kwa kuwa kosa lilikuwa geni, kesi ililetwa mbele ya Baraza zima, na Elinaike alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ukingoni. Nakunda alisimama katikati ya ukumbi, maji yakimdondoka na kulowesha zulia. Mwendesha mashitaka alieleza kwamba mwanamke huyu, akiwa na masikio yote mazima, alihudumu hadharani bila tundu, bila kitambaa na bila kibali, na kwamba alipoulizwa ni nani amemtuma alijibu kwamba hakutumwa.

"Basi kwa nini ulifanya?" aliuliza Barzilai. Hakuuliza kwa ubaya. Alionekana anataka kujua.

"Mzee, kama mngekuwa mmefanya nyinyi, mimi ningefanya nini?"

Ukumbi ulinung'unika. Mjumbe wa Sikio la Kushoto alisimama akasema kwamba mtu kama huyu hawezi kuwa amejifunza ukaidi huu mwenyewe. Amekuja na nani nchini? Amekaa kwa nani? Watu wote wakageuka, na Elinaike alihisi dhahabu ikimwelemea sikioni.

"Mtumwa Elinaike," alisema Barzilai, "mwanamke huyu ni nani kwako?"

Hapakuwa na haja ya kufikiri. Neno lenyewe ni fupi, na alikuwa akimwita hivyo tangu siku aliyoolewa. Lakini akili yake ilikimbia: akilisema, Kamati ya Maji imekwisha, na pamoja nayo yale yote aliyokusudia kuwatendea Wangojaji. Alijiambia kwamba ni kwa ajili yao. Akasimama, akainama chini kuliko ilivyotakiwa.

"Ni mtu niliyesafiri naye," alisema.

Nakunda alimtazama. Uso wake haukukasirika. Alionekana kama mtu anayemwangalia mwenzake aliyechoka na kutaka kumpokea mzigo. Kisha akajifunga kanga yake vizuri na kuwageukia waamuzi.

Adhabu kubwa kuliko zote Mwimoni ni Adhabu ya Mlango. Aliyehukumiwa husukumwa ndani ya Nyumba, akafanye kazi za huko pasipo mwisho. Watoto wa Mwimoni hutishiwa kwa adhabu hiyo wanapokataa kulala. Walimpeleka Nakunda mpaka mlangoni kwa ngoma, na walipofika karibu na mwimo walisita, maana hakuna aliyetaka kuukaribia zaidi. Hawakulazimika kumsukuma. Alichungulia ndani, akaona moshi wa jikoni, akauliza kwa sauti, "Hivi kuna mtu anakoroga hicho chungu?" Akaingia.

Elinaike alipata kiti chake kwenye Kamati ya Maji. Walikutana mara kwa mara. Walikubaliana juu ya umbo la vikombe.

Baada ya muda, siku ya maandamano ya Unyenyekevu, msafara ulipita mbele ya mlango, macho yote yakitazama upande mwingine kama desturi ilivyo. Elinaike alikuwa katikati, kitambaa chake kimeshikwa nyuma na binti wa Wazima. Akasikia sauti anayoijua.

"Wifi! Wifi Elinaike! Huku ndani pana nafasi! Njoo basi, hata kidogo tu!"

Alisikia kila neno. Mwanamke aliyekuwa pembeni yake alimwuliza, "Anamwita nani yule?" Elinaike akasema hajui, akarekebisha kitambaa, akaendelea kutembea. Sauti iliita tena, kisha ikacheka na mtu mwingine huko ndani, kisha haikuita tena.

Tangu hapo hakuona raha ya kitu. Nyumbani alijiwashia moto mwenyewe, na ukawa unamzimikia. Alitaka kwenda mlangoni, lakini kila siku palikuwa na kikao; na alipokosa kikao, aliona haya. Atamwambia nini? Akasema atakwenda mvua zikipungua. Mvua zilipopungua akasema atakwenda akishamaliza hotuba ya mwaka, maana safari hii yeye ndiye aliyechaguliwa kwenda ukutani kuwapa Wangojaji pole ya Baraza.

Alikwenda, na tarumbeta mbele yake. Alisimama jukwaani na kuanza kusema juu ya mapenzi makubwa ambayo Watumwa wa Mwimoni wanayo kwa wote wanaoteseka. Mwanamke mmoja aliyelala chini, midomo imekauka, aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Samahani, mama," alisema. "Yule mwenzenu aliyekuwa akituletea maji hajambo?"

Elinaike alifungua mdomo. Watu waliokuwa ukutani walinyanyua vichwa mmoja baada ya mwingine, wakingoja habari za Nakunda kwa hamu, kama watu wanaongoja habari za ndugu yao. Hakuwa na habari. Katika mji ule wote hakuna aliyekuwa na habari, na yeye ndiye aliyestahili kuwa nazo.

Alishuka jukwaani. Akamwinamia yule mwanamke, akampitisha mkono mgongoni na kumnyanyua. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na kidonda chake kilivuja kwenye kitambaa cheupe. Barzilai alisimama kwenye kiti chake.

"Mtumwa Elinaike! Unakwenda wapi? Huko ni adhabuni!"

"Najua, mzee," alisema Elinaike, na akaanza kutembea.

Hakuna aliyemzuia. Mlango haukuwa na kitasa wala mlinzi. Aliupita ule mwimo akihema, na wanawake wawili waliokuwa wanaanika mashuka wakaja mbio kumpokea mgonjwa, wakamshukuru kama walivyokuwa wakimshukuru kila anayeingia, na wakaenda zao. Ua ulikuwa mpana na wenye kelele. Watu walikatiza na ndoo, na kuni, na bakuli za uji, na hakuna aliyeinama ila yule aliyekuwa akiokota kitu. Karibu na jiko mtu mmoja alikuwa amechuchumaa akisugua chungu kwa majivu, mikono ya shati imekunjwa. Elinaike hakuhitaji kuambiwa ni nani. Sikio la mtu yule lilikuwa na tundu la zamani, lisilo na kitu ndani yake.

"Namtafuta wifi yangu," alisema. "Nakunda."

Mwenye Nyumba aliweka chungu chini.

"Umechelewa, mwanangu," alisema bila ukali. "Tulimzika masika yalipoanza. Homa iliingia upande ule wa watoto, na hakukubali kutoka."

Elinaike alikaa chini, pale pale kwenye majivu.

"Alitobolewa?"

"Siku aliyoingia nilimwambia adhabu hii si yangu, mimi sifungi watu, na mlango uko wazi. Akaniuliza aende wapi na huku kuna kazi. Baadaye sana akaja mwenyewe, akasimama pale penye mwimo. Alisema iume tu, haina neno."

"Mimi nilimkana. Mbele ya watu wote."

"Najua."

"Alikwambia?"

"Alisema siku ile ulikuwa umechoka." Mwenye Nyumba alikiokota tena kile chungu. "Kila alipopakua chakula, alipakua sahani moja zaidi na kuifunika. Ikifika jioni ndipo anampa mtu mwingine."

Elinaike alilia mpaka akaishiwa. Hakuambiwa anyamaze, wala hakuambiwa kwamba si kitu. Yule mtu alikaa karibu naye akiendelea kusugua chungu, polepole, mpaka kikang'aa. Elinaike alipoweza kusema, aliing'oa ile dhahabu sikioni na hakujua pa kuiweka, akaidondosha kwenye majivu.

"Naweza kubaki?"

"Unataka kubaki?"

"Nataka. Laiti ningekuja wakati ule."

"Wakati ule umepita," alisema Mwenye Nyumba. "Kuna mzee ameletwa asubuhi, yuko pale kivulini. Hajaoshwa."

Alijaza beseni, akafungua kile kitambaa kiunoni, akapiga magoti mbele ya mzee asiyemjua. Alipomgusa tu, mzee aliuvuta mguu.

"Maji ya baridi haya, mama. Mimi ni mgonjwa."

"Nisamehe, baba." Akabeba beseni mpaka jikoni, akapasha maji, akarudi. Hakuwa na ustadi. Alimwaga mengine njiani, na hakujua kidonda huanziwa wapi. Mzee alimvumilia. Baadaye akamwambia kwamba safari iliyopita, alipoletwa hapa na mguu huu huu, alioshwa na mama mmoja mchangamfu, hodari wa maneno, aliyekuwa akisema na kidonda kama anamsema mtoto mtundu.

"Ulimjua?" aliuliza.

Elinaike alikuwa ameushika mguu kwa mikono miwili, na maji yalimchuruzika mpaka viwikoni.

"Alikuwa wifi yangu," alisema.

Na kwa kuwa mzee alitaka kusikia zaidi, naye Elinaike hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia, akaanza kumsimulia Nakunda alikuwa mtu wa namna gani, huku akimwosha.